Uboreshaji Endelevu wa Ubora katika Biashara ya Jumla: Mfano wa Tabora na Njia ya Kale ya Misafara

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza maana ya biashara ya jumla, ubora wa huduma na uboreshaji endelevu;
(b) kutumia mifano ya historia ya Tabora kuonesha kwa nini usambazaji hushindwa au hufanikiwa;
(c) kufafanua hatua nne za mzunguko wa uboreshaji na kanuni ya S tano;
(d) kukokotoa asilimia ya oda zilizotimizwa na kiwango cha kuagiza upya;
(e) kujibu maswali ya mtihani kwa hoja zenye mifano.

1. Utangulizi

Mwenye duka la rejareja wa Sikonge akipiga simu Tabora mjini kuagiza mifuko 10 ya sukari, katoni 6 za sabuni na madumu 4 ya mafuta ya kula, anategemea mambo manne. Mzigo uwe ule alioagiza. Idadi iwe kamili. Ufike siku aliyoahidiwa. Ufike ukiwa mzima. Moja likikosekana, hasara haimwangukii mwuzaji wa jumla peke yake. Rafu ya duka la Sikonge inabaki tupu, na mama aliyetembea kutoka kijijini kufuata sabuni anarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo mada hii haihusu tu namna ya kumfanya mfanyabiashara apate faida. Inahusu kama bidhaa inamfikia anayeihitaji. Na kwa bidhaa kama dawa, tofauti ya kufika na kutofika ni tofauti ya uzima na kifo.

2. Maana ya maneno muhimu

*Biashara ya jumla* ni kununua bidhaa kwa wingi kutoka kwa mzalishaji au mwagizaji, kuzihifadhi, kuzigawa katika mafungu madogo na kuwauzia wauzaji wa rejareja au taasisi. Kazi kuu za mwuzaji wa jumla ni kununua, kuhifadhi, kugawa, kusafirisha na mara nyingi kukopesha.

*Ubora* katika usambazaji ni kiwango ambacho huduma inatimiza kile mteja alichoahidiwa. Angalia vizuri: sukari inaweza kuwa safi kabisa, lakini ikichelewa wiki mbili huduma haina ubora.

*Uboreshaji endelevu* ni utaratibu wa kutafuta kasoro, kuondoa chanzo chake, kupima matokeo, kisha kuanza tena na kasoro inayofuata, bila kuacha. Wajapani huuita *Kaizen*, yaani mabadiliko ya kwenda kwenye hali bora. Dhana hii ilikuzwa katika viwanda vya Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa kampuni ya Toyota. Mmarekani W. Edwards Deming, aliyefundisha udhibiti wa ubora Japani kuanzia 1950, alichangia sana. Masaaki Imai aliitangaza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1986.

3. Funzo la kihistoria: Tabora, ghala la bara

Katikati ya karne ya 19, Tabora, katika himaya ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha biashara ya misafara. Njia kutoka Bagamoyo ilifika hapa na kugawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na kusini kuelekea Ufipa na Kongo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga nyumba zenye maghala. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, waya za shaba nyeupe na bunduki. Kwenda pwani zilipelekwa hasa pembe za ndovu.

Usafirishaji ulifanywa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa ujuzi mkubwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kirangozi alitangulia mbele, na wanyampara walisimamia mizigo. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni njia ya kilomita 800 hivi. Richard Burton na John Speke walitumia zaidi ya miezi 4, wakafika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857. Henry Morton Stanley, mwaka 1871, aliwagawa watu wake katika misafara mitano iliyoondoka kwa zamu, na akafika kwa muda wa miezi 3 hivi.

Tunajifunza mambo matatu.

*(a) Kumjua mteja.* Shanga zilitumika kama fedha, lakini si kila shanga ilikubalika kila mahali. Stanley alipokuwa Zanzibar akijiandaa, aliwauliza wafanyabiashara wenyeji, akaelezwa kwamba Wanyamwezi walitaka shanga nyekundu, na kwamba shanga nyeusi zilipita Ugogo lakini hazikuwa na thamani kwingine. Aliyebeba aina isiyotakiwa alikuwa amelipa wapagazi kubeba takataka umbali wa mamia ya kilomita. Huu ndio msingi wa kwanza wa ubora: anayeamua kama bidhaa inafaa ni mteja, wala si mwenye ghala.

*(b) Kufuatilia mzigo.* Mfano ulio wazi ni wa David Livingstone. Mfuko wa barua zake uliandikwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870. Msafara uliopewa mfuko huo pamoja na bidhaa zake ulikaa Bagamoyo zaidi ya miezi 3 kabla ya kuondoka. Ulipofika Unyanyembe ulikwama, kwa sababu vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza 1871, vilifunga njia ya Ujiji. Hatimaye Stanley ndiye aliyeubeba mfuko hadi Ujiji. Livingstone alisoma barua zake karibu mwaka mzima baada ya kutumwa. Na bidhaa za shehena nyingine, alizotarajia kuzikuta Ujiji, zilikuwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza.

Chambua kisa hiki kama mfanyabiashara. Kuna makosa ya aina tatu tofauti. Kuchelewa Bagamoyo ni udhaifu wa usimamizi, maana hakuna aliyekagua kama mzigo umeondoka. Kukwama Tabora ni kikwazo cha nje, kinachohitaji njia mbadala. Kuuzwa kwa bidhaa Ujiji ni ukosefu wa uaminifu na wa kumbukumbu za makabidhiano. Kila kosa lina dawa yake. Anayesema tu "mzigo ulichelewa kwa sababu ya vita" ameona theluthi moja ya tatizo.

*(c) Kasi bila utu si ubora.* Tusipotoshe historia. Njia hiyo hiyo ilipitishwa watumwa, watu walionyang'anywa nchi zao na uhuru wao. Biashara inaweza kuwa na mpangilio mzuri wa mizigo na bado ikawa uovu. Kwa hiyo tunapozungumzia ubora leo, hali ya wafanyakazi, kuanzia kuli anayeshusha magunia hadi dereva wa lori, ni sehemu ya hesabu.

4. Kutoka reli hadi soko huria

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya wapagazi wa masafa marefu ikapungua sana, na safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya biashara ya jumla na kuanzisha Shirika la Biashara la Taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika hilo lilivunjwa, na kila mkoa ukawa na Kampuni ya Biashara ya Mkoa, maarufu kwa kifupi RTC. Nia ilikuwa njema: bidhaa zifike mikoani kwa bei moja na bila walanguzi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikumbwa na uhaba mkubwa wa sukari, sabuni, nguo na mafuta. Uhaba wa fedha za kigeni, vita vya Kagera vya 1978–1979 na uzalishaji mdogo viwandani vilichangia. Pia, palipokuwa na chombo kimoja tu cha kugawa, mteja hakuwa na pa kwenda akihudumiwa vibaya, na taarifa za mahitaji yake hazikurudi haraka juu. Kuanzia 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya uagizaji, na wauzaji binafsi wa jumla wakarudi.

Leo mfanyabiashara wa Tabora ana washindani. Mteja wa Urambo au Kaliua akikosewa mara mbili, anahamia duka la pili. Ndiyo maana uboreshaji endelevu umekuwa suala la kubaki sokoni. Wizara inayosimamia viwanda na biashara, kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo la Japani (JICA), ilianza mradi wa Kaizen kwa viwanda nchini mwaka 2013. Hospitali zilitangulia: kanuni ya S tano ilianza kutumika nchini mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa ya mfano.

5. Mzunguko wa uboreshaji: Panga, Tenda, Kagua, Rekebisha

Tutumie mfano wa kubuni. Duka la jumla lililopo Tabora mjini linapeleka mizigo Sikonge, Urambo na Nzega. Mwezi wa kwanza lilipokea oda 200. Oda 150 zilifika kamili na kwa wakati.

Asilimia ya oda zilizotimizwa = (oda zilizotimizwa ÷ oda zote) × 100
= (150 ÷ 200) × 100 = 75%

Oda 50 zilizobaki ziligawanyika hivi:

| Kasoro | Mwezi wa 1 | Mwezi wa 2 |
|---|---|---|
| Bidhaa haikuwepo stoo | 26 | 7 |
| Idadi pungufu | 12 | 11 |
| Kuchelewa njiani | 8 | 7 |
| Kuharibika | 4 | 3 |
| Jumla | 50 | 28 |

*Hatua ya 1: Panga.* Chagua kasoro kubwa kwanza. Hapa ni bidhaa kutokuwepo stoo: 26 kati ya 50, yaani 52%. Kisha tafuta chanzo kwa kuuliza "kwa nini" mara kadhaa.
– Kwa nini bidhaa haikuwepo? Kwa sababu oda ya kwenda Dar es Salaam ilichelewa.
– Kwa nini ilichelewa? Kwa sababu mtunza stoo aligundua upungufu sukari ilipokwisha.
– Kwa nini hakugundua mapema? Kwa sababu kadi za stoo hazikujazwa kila siku.
– Kwa nini hazikujazwa? Kwa sababu mtu mmoja anapokea mizigo, anauza na kuandika.

Tumeanza na sukari, tumefika kwenye mgawanyo wa kazi. Mwenye duka angeishia swali la kwanza, angemkaripia mtunza stoo na mwezi ujao hali ingekuwa ile ile.

*Hatua ya 2: Tenda.* Jaribu suluhisho kwa kiwango kidogo. Duka lilimpa msaidizi mmoja kazi ya kujaza kadi kila jioni, na likaweka kiwango cha kuagiza upya kwa bidhaa 10 zinazouzwa zaidi.

Kiwango cha kuagiza upya = (mauzo ya siku × siku za kusubiri mzigo) + akiba ya tahadhari

Kwa sukari: mauzo ni mifuko 12 kwa siku, mzigo huchukua siku 5, akiba ya tahadhari ni mifuko 24.
= (12 × 5) + 24 = mifuko 84

Kadi ikionesha mifuko 84, oda inatumwa siku hiyo hiyo. Wakati wa masika, barabara zinapoharibika, akiba ya tahadhari iongezwe.

*Hatua ya 3: Kagua.* Mwezi wa pili oda zilikuwa 200 tena, zilizotimizwa 172, sawa na 86%. Kasoro ya bidhaa kutokuwepo imeshuka kutoka 26 hadi 7. Suluhisho limefanya kazi.

*Hatua ya 4: Rekebisha.* Kilichofaulu kiwe utaratibu rasmi, kiandikwe na kubandikwa stoo. Kisha rudi hatua ya kwanza. Sasa kasoro kubwa ni idadi pungufu: 11 kati ya 28, yaani 39% hivi. Hapa ndipo neno *endelevu* linapopata maana. Duka halikupumzika kwenye 86%. Limepata kazi mpya ya kufanya.

6. S tano za kupanga ghala

1. Sasambua: tenganisha kinachohitajika na kisichohitajika. Katoni zilizoliwa na panya na bidhaa zilizokwisha muda zitolewe.
2. Seti: kila bidhaa iwe na mahali pake na lebo. Zinazotoka haraka ziwe karibu na mlango.
3. Safisha: fagia, kausha, ziba matundu. Magunia yawekwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.
4. Sanifisha: weka utaratibu mmoja unaofuatwa na wote, hata mwenye duka akisafiri.
5. Shikilia: kagua mara kwa mara ili utaratibu uwe mazoea.

Ghala nyingi hufanikiwa katika S tatu za mwanzo kwa wiki moja, kisha hurudi zilikotoka. Kazi halisi ipo kwenye S ya nne na ya tano.

7. Uchunguzi kifani: usambazaji wa dawa

Bohari ya Dawa (MSD) iliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 13 ya mwaka 1993. Kazi yake ni kununua, kutunza na kusambaza dawa na vifaa tiba kwa vituo vya afya vya umma. Inafanya kazi kupitia ghala za kanda, na Tabora ni mojawapo. Hapo zamani mizigo ya vituo iliishia ngazi ya wilaya, na zahanati zililazimika kutafuta namna ya kuifuata. Baadaye Bohari ilianza kupeleka moja kwa moja hadi kituoni. Huo ni uboreshaji wa mchakato: hatua moja ya makabidhiano imeondolewa, na kila hatua inayoondolewa hupunguza nafasi ya kuchelewa na ya wizi.

Dawa zinahitaji kanuni nyingine: kinachokwisha muda mapema kitoke kwanza. Kanuni hii ni tofauti na ya kinachoingia kwanza kitoke kwanza. Mzigo ulioingia jana unaweza kuwa na muda mfupi kuliko ulioingia mwezi uliopita. Mtoa dawa anayesoma tarehe ya kuingia badala ya tarehe ya kwisha muda ataacha dawa nzuri ziharibike rafuni huku zahanati nyingine haina.

8. Changamoto za uboreshaji endelevu

(i) Kumbukumbu duni: kisichoandikwa hakipimiki.
(ii) Wafanyakazi kuogopa kutaja makosa kwa sababu wanakatwa mshahara. Makosa yakifichwa, chanzo hakionekani.
(iii) Mtaji mdogo, hivyo kushindwa kuweka akiba ya tahadhari.
(iv) Barabara za udongo na mvua za masika.
(v) Mwenye biashara kutaka matokeo ya haraka na kuacha baada ya mwezi mmoja.

9. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

– Kutaja S tano bila kueleza. Jina peke yake hupata alama chache. Ongeza mfano wa ghala.
– Kuchanganya kudhibiti ubora na kuboresha ubora. Kudhibiti ni kukamata kasoro kabla mzigo haujatoka. Kuboresha ni kuondoa chanzo ili kasoro isitokee tena.
– Kuandika kwamba biashara ya misafara ilikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa na mgawanyo wa kazi, vipimo, mikopo na taarifa za soko.
– Kusahau kuzidisha kwa 100 wakati wa kutafuta asilimia.

10. Maswali ya marudio

1. Tofautisha biashara ya jumla na ya rejareja kwa hoja tatu.
2. "Anayeamua ubora ni mteja." Thibitisha kauli hii kwa mfano wa shanga katika njia ya Tabora.
3. Kwa kutumia kisa cha barua za Livingstone, eleza aina tatu za kasoro katika usambazaji na dawa ya kila moja.
4. Duka linauza katoni 8 za sabuni kwa siku. Mzigo huchukua siku 6, na akiba ya tahadhari ni katoni 20. Tafuta kiwango cha kuagiza upya.
5. Mnunuzi wa jumla wa asali Tabora amerudishiwa mapipa kwa sababu asali ina maji mengi. Viwango vya kimataifa kwa kawaida vinataka maji yasizidi 20%. Tumia hatua nne za mzunguko kueleza atakachofanya.

Mwongozo wa majibu

Swali la 3: udhaifu wa usimamizi (ukaguzi wa tarehe ya kuondoka), kikwazo cha nje (njia mbadala), ukosefu wa uaminifu (hati za makabidhiano zenye saini za pande mbili).

Swali la 4: (8 × 6) + 20 = katoni 68.

Swali la 5: *Panga*: rekodi kila pipa lilitoka kwa mfugaji gani, uliza kwa nini, huenda asali inarinwa masega yakiwa hayajafunikwa kwa nta, au vyombo vina maji. *Tenda*: jaribu na kikundi kimoja cha wafugaji, wafundishwe kurina masega yaliyofunikwa na kutumia ndoo kavu zenye mifuniko. *Kagua*: pima maji ya mapipa ya kikundi hicho na ya wengine, linganisha. *Rekebisha*: utaratibu uliofaulu uwe sharti la kununua kwa wafugaji wote, kisha tafuta kasoro inayofuata. Mtahiniwa atakayeishia kusema "akatae asali mbaya" amedhibiti ubora tu, hajauboresha, na mfugaji wa nyuki amebaki na hasara ile ile msimu ujao.